Ushuhuda Wangu wa Soko la Runyenjes

Iko siku moja ambayo hainitoki, mjukuu wangu, na kwa kuwa umeniletea karatasi yako ya ushuhuda niibariki, leo nitakupa siku hiyo yote bila kukata. Ilikuwa siku ya soko Runyenjes, miaka ile ya Emajensi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Weka hiyo simu kando kwanza. Chai iko kwenye chupa, jimiminie, nami unimiminie bila sukari, maana daktari wenu amenikataza raha zote.

Umeandika vizuri. Nimesoma mara mbili. Unasema Ijumaa saa saba mtasimama karibu na stendi ya Embu, mbele ya msikiti, wewe na wenzako wa chuo, na spika, na utaeleza watu jinsi Mungu alivyokutoa kwenye pombe. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Mimi niliokoka kabla mama yako hajazaliwa. Lakini nilipofika ukurasa wa pili nikaona jina la yule msichana mliyekuwa mkikaa naye chumba kimoja, na kwamba mlikuwa mkitoroka naye kwenda kulewa, na umetaja hata kanisa ambalo baba yake ni mzee wa kanisa. Hapo nikavua miwani na kuiweka mezani.

Sikiliza basi. Wakati wa Emajensi, serikali ya Wazungu ikipigana na vijana walioingia msituni, askari walitutoa kwenye mashamba yetu wakatubana katika kijiji kimoja upande wa juu wa Runyenjes. Kuzunguka kijiji kulikuwa na handaki tulilochimba wenyewe, lenye vijiti vilivyochongwa, na lango moja tu. Langoni walikaa homugadi, vijana wa kwetu waliopewa bunduki na serikali watulinde, ingawa sisi wanawake tuliona wanatulinda tusitoke. Mwembu hakwenda popote bila pasi, karatasi ya ruhusa. Siku ya soko tuliruhusiwa kushuka Runyenjes kuuza ndizi na viazi vikuu, lakini saa kumi na moja lango lilifungwa. Aliyechelewa alibeba mawe ya barabara siku tatu.

Sasa, nani alikuwa na saa? Hedimani alikuwa nayo, yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, naye hakuja sokoni kutuambia. Tulimtegemea Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu alikuwa mchinjaji. Baba yake alikuja na misafara ya zamani akibeba mizigo ya Wazungu, kutoka mbali huko, akaoa mwanamke wa kwetu na akabaki. Kwa hiyo Rajabu alikuwa Mwislamu aliyeongea Kiembu vizuri kuliko mimi, na watu walimwita Mswahili. Bucha yake ilikuwa pembeni mwa soko, na nyuma ya bucha ndipo walipokaa yeye, mkewe Bi Mwanajuma, na binti yao Zuhura. Kila alasiri Mzee Rajabu alinawa, akapanda kwenye ngazi ya bucha, akaziba sikio moja kwa mkono na kuadhini. Hakuwa na spika kama zenu. Alikuwa na kifua tu, na soko zima lilimsikia.

Wanawake wa kwetu, Wakristo watupu, walipoisikia sauti ile walianza kufunga ndizi zao. Mtu alikuwa akisema, "Rajabu ameita, twende," na mara ungeona mlima umejaa wanawake na vikapu. Yeye alijua. Kuna siku alikuwa na homa, akatolewa nje ameshikwa na mkewe, akaadhini kwa sauti iliyokwaruza. Nilimsikia akimwambia Bi Mwanajuma kwamba akinyamaza, wale akina mama watachelewa lango. Nasi tulikuwa na kengele yetu ya kanisa, kipande cha reli kilichoning'inizwa, na yeye alifungua bucha kwa kuisikia hiyo asubuhi ya Jumapili. Hakuna aliyekaa kitako kupanga mambo hayo. Yalikuwa hivyo.

Arusi za Wakristo pia zilimhitaji. Mbuzi wa arusi alichinjwa na Rajabu ili wageni wote wale bila kuulizana. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikisimama karibu na kusikia maneno yake kabla ya kisu, "Bismillahi," na kwangu yalikuwa sehemu ya arusi, pamoja na pilau na nyimbo. Zuhura na mimi tulikuwa tukishika bakuli za matumbo pamoja na kusukumana ili mmoja aanguke. Nilimpenda msichana yule. Nasema hivyo kwa sababu sikumwambia hata siku moja, wala si desturi yetu kuambiana.

Mwaka wa pili wa kijiji mama yangu aliumwa kifua. Gari la misheni likampeleka hospitali ya Embu, peke yake. Wiki ileile mtu alikata waya wa simu karibu na kwetu, nasi sote tukaadhibiwa: hakuna pasi kwa mtu yeyote mwezi mzima. Nilikwenda kwa hedimani mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Mama yako iko na daktari. Wewe si daktari." Nikashuka sokoni nikilia hadharani bila aibu.

Bi Mwanajuma aliniita ndani. Aliniuliza, nikamweleza. Aliendelea kukuna nazi ya pilau, halafu akasema, "Kesho lori linapeleka ngozi Embu. Mimi huenda nalo na Zuhura. Askari wamezoea."

Sikuelewa mpaka Zuhura alipoleta buibui lake na kunivika. Alicheka hadi akashika ukuta. Alisema natembea kana kwamba nimebeba kuni. Lakini tatizo halikuwa mwendo, mwanangu. Tatizo lilikuwa mdomo. Kiswahili changu kilikuwa cha watu wa mlimani, na homugadi yeyote angenisikia neno moja tu na kunijua. Zuhura ndiye aliyefikiria: alichana kitambaa cheupe, akanifunga taya hadi utosini, nikawa mgonjwa wa jino. Yeye mwenyewe alikaa siku nzima katika stoo ya chumvi na ngozi, maana kusingeweza kuwa na Zuhura wawili.

Darajani, njiani kwenda Embu, askari walitusimamisha. Ngozi zilinuka na askari walikuwa na haraka ya kutuondoa, lakini mmoja alinitazama sana.

"Hii msichana iko na nini?"

"Jino, bwana askari," akasema Bi Mwanajuma. "Tangu jana halali, wala hatulali."

"Jina yake nani?"

"Zuhura binti Rajabu, wa bucha ya Runyenjes. Utamjua baba yake, nyama yake umekula."

Wenzake wakacheka. Yeye akasema kama mimi ni Mwislamu basi niseme maneno yao kidogo asikie. Nikafumba macho, nikamwona Mzee Rajabu amesimama juu ya mbuzi wa arusi, na kupitia kitambaa kile nikatoa neno moja, "Bismillahi." Askari akapiga ubao wa lori kwa mkono, tukapita.

Hospitalini mama yangu hakunijua. Alinitazama na buibui langu akageukia ukuta, mpaka niliposema naye Kiembu. Akageuka. Akashika ile nguo nyeusi, akaipapasa kwa vidole viwili jinsi alivyokuwa akipapasa nguo za duka ambazo hatununui, na akasema, "Umekuwa Mswahili? Inakupendeza." Tulicheka wote wawili, naye akakohoa, na nilimshikia kikombe cha maji. Nilikaa naye mpaka lori lilipopiga honi. Siku kumi na mbili baadaye alifariki. Kuna wenzangu wengi wa kijiji kile ambao hawakuwaona mama zao mara ya mwisho, mwanangu. Mimi nilimwona.

Baada ya mazishi sikuwa na raha ya kitu chochote. Ndipo nilipojiunga na watu wa wokovu. Usiwadharau watu hao, walikuwa na ujasiri ambao siuoni siku hizi. Walikataa kiapo cha wapiganaji wa msituni, na pia walikataa bunduki za serikali, wakachukiwa na pande zote mbili na bado wakaimba. Walinipokea, walinishika mikono. Nao walikuwa na desturi yao: aliyeokoka anasimama sokoni mbele ya watu wote na kutubu kila dhambi kwa jina lake, asibakize hata moja gizani. Dada mmoja alikiri mbele ya mumewe kwamba alificha unga. Mwingine alirudisha sufuria aliyoiba miaka sita nyuma, akaibeba kichwani kupita soko zima. Niliwaona nikatamani kuwa kama wao.

Zamu yangu ilipofika nilipanda juu ya sanduku la sabuni, si mbali na bucha. Watu walikuwa wengi. Nilitubu wivu, nikatubu ndizi nilizokula za shangazi. Wakaimba. Nikaona nyuso zote zimenielekea, hata za homugadi waliosimama na bunduki zao kwenye kivuli cha duka. Nikasikia utamu fulani. Nikasema kwamba nimemkana Yesu. Wakanyamaza wote. Nikasema nilidanganya askari darajani, nikajiita Mwislamu, nikavaa buibui la Zuhura binti Rajabu, na Bi Mwanajuma akanipitisha kwenye lori la ngozi bila pasi, na kwamba Mungu amenisamehe yote. Nilisema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na yalikuwa kweli, kila neno.

Watu walinikumbatia, wakaimba hadi vumbi likapanda. Kati ya vichwa vyao nilimwona Zuhura mlangoni pa bucha, na kisu cha kukatia utumbo mkononi. Alikuwa ametoka kunisikiliza. Mwanzoni alikuwa akitabasamu, nilikuwa nimemwona. Sasa alikuwa anawatazama homugadi. Mimi bado nilikuwa sijaelewa.

Alasiri ile Mzee Rajabu aliadhini, nasi tukapanda mlima. Ilikuwa mara ya mwisho.

Kesho yake homugadi walimchukua Mzee Rajabu wakamweka ngomeni mwao. Siku ya tatu wakamwachilia akiwa hawezi kukunja mkono wa kulia. Bucha ikafungwa kwa ubao na familia ikaambiwa irudi kwao. Kwao wapi, mwanangu? Mtu aliyezaliwa Runyenjes, na mama yake amezikwa Runyenjes, anarudi wapi? Na mimi unafikiri nilifanywa nini? Hedimani alinisifu mbele ya kijiji. Alisema huyu msichana ni mfano, ametubu, serikali imemsamehe. Niliyedanganya nikapigiwa makofi, na waliodanganya kwa ajili yangu wakapakia vyungu.

Nilikimbia kwenda kwao asubuhi waliyoondoka. Lori lilikuwa lilelile la ngozi. Nilimsalimia Bi Mwanajuma, "Shikamoo," naye akaitikia, maana hakuwa mtu wa kuacha salamu. Nikaanza kulia na kusema nilikuwa natubu tu, nilitaka kuwa safi mbele ya Mungu.

Aliendelea kufunga mkeka. "Mungu alikuwepo darajani, Wawira," akasema. "Alikusikia siku ileile. Pale sokoni ulikuwa unamwambia nani?"

Akaniambia tena, bila kupandisha sauti, "Uongo ulikuwa wako, ungeutubu. Lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa wangu, na jina ulilolitumia lilikuwa la mwanangu. Hukutuomba." Kisha akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu kidogo, kama anavyopanguswa mtoto mchafu, akaondoka.

Zuhura alikuwa ameshapanda. Alikaa juu ya godoro, amegeukia upande mwingine, nami nilishika ubao wa lori nikimwita. Hakugeuka mpaka injini ilipowashwa. Ndipo akaniuliza kitu ambacho, kwa kweli, kwa kiburi na majonzi yangu, sikuwahi kurudi kumweleza tangu siku ile aliyokaa ndani ya stoo kwa ajili yangu.

"Mama yako alikuona lakini?"

"Aliniona," nikasema. "Alicheka."

"Basi," akasema Zuhura.

Lori likaondoka. Sijamwona tena.

Siku ya soko iliyofuata tulikaa na ndizi zetu. Jua lilikuwa na mawingu. Tulikuwa tunaongea, tunauza, kila mtu akingoja bila kujua kwamba anangoja. Shangazi yangu ndiye aliyeinua kichwa kwanza akatazama ile ngazi tupu ya bucha, halafu akanitazama mimi. Tulipofika langoni lilikuwa limefungwa. Tulibeba mawe siku tatu, wanawake ishirini na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyenisema kwa mdomo. Ingekuwa nafuu wangenisema.

Nimewatafuta. Baada ya uhuru mtu alisema wako Isiolo, mwingine akasema Majengo ya Meru. Nilikwenda Meru na mama yako mgongoni, nikauliza kila bucha. Nilionyeshwa Zuhura mmoja, mwanamke mnene mwenye huruma, akanipa chai na mandazi ingawa hakuwa yeye. Mpaka leo nikiwa Embu mjini nikiona bibi wa rika langu amejifunika, nampita polepole nimtazame mikono. Zuhura alikuwa na kovu la kisu kwenye kidole gumba. Najua nimezeeka mno na pengine yeye ametangulia. Bado natazama. Nyinyi vijana hulalamika kwamba spika ya msikiti wa Runyenjes inapiga kelele. Mimi ikifika alasiri huacha mahindi yangu kwenye ungo na kukaa kimya, na kama nalia si juu yenu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema juu ya lile sanduku la sabuni. Nilipenda kusikilizwa. Nilipoona wamenyamaza wote nilitaka wazidi kunyamaza, nikatafuta kitu kikubwa zaidi cha kuwapa, na nikakikuta kwa watu walionitendea wema. Kati ya dhambi zote za siku ile hiyo ndiyo iliyokuwa yangu hasa, na ndiyo pekee niliyobaki nayo gizani. Umeisikia wewe wa kwanza. Na lile neno la darajani, nimelifikiria miaka mingi, sidhani lilimwudhi Mungu. Lilinifikisha kwa mama yangu.

Sikukatazi kushuhudia, mwanangu. Usitoke hapa ukasema nyanya yako amekukataza kwa sababu ya uzee. Simama, sema, imba, imani ya kufungiwa kabatini si imani niliyolelewa nayo. Rajabu hakuificha yake kabatini, nasi tulifika nyumbani salama kwa ajili yake. Lakini sema yaliyo yako. Pombe uliyokunywa wewe, sema. Yule msichana aliyekunywa nawe, aliyekushika nywele ulipokuwa unatapika, kama ulivyoandika mwenyewe, ana wazazi hapo hapo mjini ambao hawajui. Ukitaka kumtaja, nenda ukamwulize kwanza, na akisema hapana, iwe hapana. Mungu hatakosa kukuelewa kwa sababu ya jina moja lililokosekana. Na hiyo saa saba ya Ijumaa, mbele ya msikiti watu wakiwa kwenye sala, mnamshindania nani? Ngojeni watoke. Wapisheni barabara, wasalimieni, halafu washeni spika yenu. Mtu anayepita na kikapu chake, asiye wa dini yenu, awe na sababu ya kufurahi kwamba mko pale.

Chukua ile kalamu kwenye dirisha. Kata jina lile, likate vizuri lisisomeke hata ukiinua karatasi kwenye mwanga. Haya.

Sogea sasa, fungua viganja nikutemee mate kidogo, kama bibi zetu walivyotubariki sisi, na usikunje uso, maji yapo utanawa. Mungu wa mama yangu, na wa Rajabu pia, akulinde uendako. Akupe maneno yaliyo yako mwenyewe na yakutoshe. Akupe rafiki wa kukaa stoo siku nzima kwa ajili yako, na akupe akili ya kurudi jioni kumwambia ulivyofika. Na sauti yako, popote utakapoipaza, iwafikishe watu nyumbani kabla lango halijafungwa.